Miaka saba na Core i7-2600K niliyoipandisha kasi: uzoefu wangu hapa Arua

Prosesa hii, chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, niliinunua mtumba Kampala mwaka 2017, ikanifikia Arua kwa basi la usiku ndani ya boksi la viatu lililojazwa magazeti. Intel waliitoa Januari 2011, kwa hiyo ilikuja kwangu ikiwa na umri wake. Nilichotafuta ni ile herufi K ya mwisho: kizidishi chake, namba inayoamua kasi, hakijafungwa, mwenye mashine anaweza kuipandisha kasi mwenyewe kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows. Kutoka kiwandani ni gigahezi 3.4, na viini vyote vinne, sehemu zake za kufanyia hesabu, vikiwa kazini hufika 3.5. Mimi niliiweka 4.5 kwa volti 1.30, nikaifungia hitisinki kubwa ya mnara, chuma chenye mapezi cha kuipoza, nikaanza kuhariri video za harusi.

Kwa mtu wa kazi kama yangu kasi hiyo ni pesa. Video inayorendwa, yaani kutengenezewa faili la mwisho baada ya kuhaririwa, kwa dakika 90 kwenye 4.5 inakaribia saa mbili kwenye 3.5, na mwenye kutegemea betri ya sola umeme ukikatika anajua dakika hizo zina uzito gani. Miaka sita haikunisumbua hata siku moja. Naisifu kwa hilo bila kusita.

Desemba 2023 ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Kiangazi kilikuwa kimeingia, ofisi inachemka kuanzia saa tano asubuhi, na mashine ikaanza kuganda nikiwa narenda. Mara inajizima na kujiwasha, mara skrini ya bluu ya Windows iliyokwama yenye namba ya kosa 0x124, siku nyingine 0x101. Jumamosi moja ilikatika video ikiwa imefika asilimia 80, na mama wa bibi harusi alikuwa ameshakaa kwenye benchi langu anasubiri. "Mwanangu, wageni wa Kampala wanaondoka kesho, niwaambie nini?" Nililala ofisini usiku ule, nikarenda vipande vipande, na alfajiri nikampelekea flashi nyumbani kwake.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo, na ndilo limenifanya niandike. Niliona mashine imekosa nguvu, nikaongeza volti: 1.33, ikatulia wiki tatu. Ikarudia. Nikaweka 1.36. Ikatulia siku tisa tu. Kumbe kila nilipoongeza nilikuwa nalisha ugonjwa. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti, yaani kutoka 1.30 kwenda 1.36 ni karibu asilimia 9 zaidi kwa kasi ile ile, na yote hugeuka joto. Joto na volti ndivyo vinavyoizeesha prosesa. Transista zake, swichi ndogo mno, hudhoofika polepole, na njia nyembamba za metali zilizo ndani husukumwa chembe kwa chembe na mkondo wa umeme unaopita. Matokeo yake, kasi iliyotosheka na 1.30 mwaka 2017 leo inadai zaidi, na ukiipa zaidi, kesho itadai zaidi tena.

Nilisimamisha kazi siku mbili nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Kwanza nilirudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani na kurenda usiku kucha. Haikuganda. Hapo nikajua diski na Windows hazina hatia, tatizo linatokea kasi ikipandishwa. Usiku wa pili niliiachia Memtest86+ ipime RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hadi asubuhi, haikupata kosa hata moja.

Ndipo nikafungua kesi, boksi la kompyuta. Jamani, vumbi la Arua! Kati ya feni na mapezi ya hitisinki palikuwa na zulia jekundu, limeshikana kiasi kwamba nililibandua kwa vidole likatoka zima, na alama za mapezi zimejichora upande wa chini. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Nilipoinua hitisinki, pesti ya kupitishia joto iliyowekwa 2017 ilikuwa imekauka kama chokaa ya ubaoni, katikati imepasuka. Niliifuta kwa spiriti na kitambaa cha pamba, nikaweka tone jipya dogo kama punje ya dengu, nikafunga skrubu kwa kuvuka pembe ili ikae sawasawa. Kwa mzigo ule ule, joto lilishuka kutoka nyuzi 91 hadi 74. Prosesa hii hujipunguza yenyewe ikikaribia 98, kwa hiyo nilikuwa nimeishi ukingoni kwa miezi bila kujua.

Nilidhani nimemaliza. Nikarudisha 4.5 kwa 1.30, nikawasha Prime95, programu iliyotengenezwa kusaka namba tasa kubwa, lakini hesabu zake ni nzito na majibu yake yanajulikana, ndiyo maana mafundi huitumia kukamata prosesa inayokosea. Baada ya dakika 11 mojawapo ya kazi zake, ambazo huzigawa kwa viini, ilisimama ikiandika kwamba kosa la kukadiria namba limefika 0.5 mahali palipotakiwa chini ya 0.4. Nikarudia mara tatu. Kila mara ni kiini kile kile, cha tatu, kinachoanguka kwanza, na joto liko chini ya 75.

Rafiki yangu fundi alishuku pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Shaka yake ilikuwa na msingi, kwa sababu mita ilionyesha volti 11.5 kwenye waya wa 12 wakati wa mzigo. Bado iko ndani ya kiwango, ambacho ni asilimia 5 juu au chini, lakini imechoka. Akaniazima yake mpya. Kiini cha tatu kikaanguka tena, dakika ya 14. Namshukuru sana, maana bila hiyo ningenunua pawa saplai na tatizo lingebaki pale pale.

Kitu kilichonifungua macho kuliko vyote ni kumbukumbu ya matukio ya Windows. Nilitafuta WHEA-Logger, sehemu inayoandika makosa ya vifaa, nikakuta maonyo namba 19, makosa ya ndani ya prosesa yaliyosahihishwa yenyewe, mengine ya Septemba 2023. Miezi mitatu kabla ya kuganda mara ya kwanza! Mashine ilikuwa inaandika malalamiko yake kila wiki na mimi sikuwahi kufungua ukurasa ule.

Sikutaka tena kuongeza volti. Nilishuka: 4.4 ikaanguka baada ya saa mbili, 4.3 baada ya saa saba. Kwenye 4.2 kwa volti 1.28 ilimaliza saa 12 za Prime95, mchana wa Februari, madirisha wazi, bila kosa. Katika kurenda napoteza kama dakika sita kwenye ile kazi ya dakika 90. Dakika sita! Kwa hizo nilikuwa naiunguza prosesa na kuwalaza wateja benchi.

Kama unafikiria kununua 2600K leo kwa kazi za kila siku, bado inafanya kazi, ila nunua ukijua imeshatumika na huenda mwenye nayo wa kwanza aliikimbiza sana. Muombe akuonyeshe ikirenda kwa nusu saa mbele yako, usiridhike na kuona Windows imefunguka. Kuipandisha kasi bado nakushauri, lakini anzia 4.0 na volti ndogo, na usisome namba ya BIOS peke yake: yangu nikiweka 1.30, kwenye mzigo ilishuka hadi 1.26, na ile ya chini ndiyo inayoamua kama itasimama.

Sasa nafungua kesi na kupuliza vumbi kila baada ya miezi miwili, kiangazi kila mwezi. Kijana wangu wa ofisini ndiye mwenye kazi hiyo, na anaandika tarehe kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mlango wa kesi. Leo asubuhi, kabla ya kuandika haya, nimefungua tena WHEA-Logger. Tangu niweke 4.2 hakuna namba 19 hata moja.