Entebbe au Ggaba: kutembea ziwani mwezi wa Julai

Uganda haina bahari, na theluji yake iko mbali juu ya milima ya Rwenzori, ila asubuhi ya Julai upepo wa Ziwa Victoria hukufanya utafute sweta. Kama wewe na mwenzako mna maongezi marefu, nendeni Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898. Njia zinateremka taratibu hadi ufukweni, chini ya miti mikubwa ambamo mbega hurukaruka juu ya vichwa vyenu. Kuna kiingilio. Na ndizi zenu zishikeni vizuri. Tumbiri wa pale hawana haya.

Ggaba iko Kampala kwenyewe, lakini ni mwalo, mahali wavuvi wanaposhusha samaki: sangara kwenye mizani, magamba yanarushwa, bodaboda zinapiga honi. Mtakula vizuri kuliko mtakavyotembea. Kwa miguu ningechagua Entebbe. Kwa tumbo, Ggaba, sato mzima wa kukaanga.