Casio fx-991ES Plus kwa anayeanza uinjinia: bumu (hela ya mkopo wa chuo) likiingia nunua hii kwanza

Wadogo zangu mnaoripoti chuo kusoma uinjinia, naona kila mtu anauliza anunue laptopu gani ila kalkuleta haiulizwi kabisa, wakati mwaka wa kwanza hiyo ndo utaishika kila siku na hiyo ndo utaingia nayo kwenye chumba cha mtihani, laptopu inabaki hosteli. Mimi nipo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upande wa uinjinia (CoET), na hii fx-991ES Plus ninayo tangu semista ya kwanza kwa hiyo naisema kama ninavyoijua.

Kidato cha sita wengi tulitoka na fx-82MS na ilitosha. Chuo mambo yanabadilika haraka sana. Kwenye mekaniksi unapewa mzigo umening'inizwa kwa kamba tatu, kila moja na pembe yake, unachora nguvu zako, unapata milinganyo mitatu yenye vitu vitatu visivyojulikana, na ukianza kuondoa kimoja kimoja kwa mkono alama moja tu ya kutoa ikikuponyoka umekwisha. Hapa unabonyeza MODE 5 halafu 2, linakuja jedwali, unajaza namba, tena huna haja ya kutafuta cos 30 pembeni, unaiandika hivyo hivyo ndani ya jedwali nayo inaigeuza. Ikikuletea ujumbe badala ya majibu usiilaumu mashine, mara nyingi ni kwamba mlinganyo mmoja umeurudia kwa sura nyingine bila kujua, rudi kwenye mchoro wako wa nguvu uangalie. Hicho ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote, inakwambia umekosea ukiwa bado na muda wa kurekebisha. Hatua lazima uandike mwenyewe kwenye karatasi maana maksi zipo kwenye hatua, jibu tupu halikusaidii.

Watu wa umeme ndo msiseme. Namba kompleksi mtazila asubuhi mchana jioni. Unaingia MODE 2, unaandika 3+4i (hiyo i ipo kwenye kitufe cha ENG), halafu SHIFT 2, 3, sawa sawa (=), inakupa 5∠53.13 palepale, yaani ukubwa 5 na pembe ya digrii 53.13. Unaweza kujumlisha moja iliyo kwenye mfumo wa pembe na nyingine ya kawaida bila kubadilisha kwanza. Saketi yenye matawi mawili sambamba inayokula nusu ukurasa unaihakiki kwa mstari mmoja.

Sasa jambo ambalo limewapa watu sapu (mtihani wa kurudia) kweli kweli, digrii na radiani. Mashine ikitoka kiwandani au ukiifuta kila kitu inakuwa kwenye digrii, ile D ndogo juu ya kioo. Mekaniksi ni sawa, ila kwenye kalkulasi unatakiwa uwe R, yaani SHIFT MODE 4. Jaribu hii ukiwa umekaa tu chumbani: integreti sin X kutoka 0 mpaka π. Ukiwa radiani jibu ni 2 kama ulivyofundishwa, ukiwa digrii inakuletea 0.086 na haikupi onyo lolote, kwake yeye jibu ni sahihi kabisa. Kila ukikaa kwenye mtihani angalia ile herufi kabla hujaandika hata namba yako ya usajili.

Kingine watu hawakijui ni SOLVE, ipo SHIFT CALC. Unaandika mlinganyo wenye X, unaipa namba ya kuanzia, inatafuta kwa njia ya Newton, ile ile mtakayofundishwa. Jibu lazima liwe na mstari wa L-R=0 chini yake, yaani upande wa kushoto ukitoa wa kulia, ukiona si sifuri au haipo karibu nayo, badilisha namba ya kuanzia. Na kama mlinganyo una majibu zaidi ya moja inakupa moja tu, kwa hiyo usiridhike haraka.

Udhaifu upo. Matriksi mwisho ni 3 kwa 3, ukikutana na 4 kwa 4 unarudi kwenye mkono. Kioo hakina taa. Ukihama MODE historia ya mahesabu yako inafutika, na hilo linaudhi ukiwa katikati ya swali refu. Ndugu yake fx-991EX ana kioo angavu zaidi na anafika 4 kwa 4, kama mfuko unaruhusu chukua, ila mwaka wa kwanza hutakwama na hii. Zote mbili siyo za kuprogramu, na ndo sharti la kwenye mitihani mingi.

Feki ni nyingi mjini. Kuna wenzangu walinunua duka moja kwa bei ya kuvutia mno, semista haijaisha maandishi ya vitufe yamefutika na kitufe cha sawa sawa mpaka ukibonyeze mara mbili. Muuzaji akikataa usiiwashe dukani, ondoka. Kama bumu limechelewa tafuta finalisti (wa mwaka wa mwisho) anayeuza yake, hizi zinadumu sana, betri ni moja ndogo ya LR44 na inasaidiwa na sola. Ukishaishika mkononi bonyeza SHIFT 9, 3, sawa sawa kufuta kila kitu kilichomo, kisha jaribu ile integrali ya sin hapo hapo mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela (itakuwa imerudi kwenye digrii, kwa hiyo tegemea 0.086, au weka R upate 2).