Sensa ya MAP kwa Toyota za zamani: ipi ununue Dar, ipi uiache

Una Starlet, Corolla 110 au Carina Ti. Gari linatoa moshi mweusi, silensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na petroli inaisha kabla hujafika ulikokuwa unakwenda. Fundi atakutajia sensa ya MAP. Ni kiboksi cheusi chenye nyaya tatu, kinachopima presha ya hewa ndani ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) ili kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ijue imwage petroli kiasi gani. (Wenye IST ya injini ya 1NZ, hili si lenu. Yenu inapima hewa kwa sensa nyingine, iliyo kwenye njia ya hewa karibu na chujio.)

Kitu cha kwanza kununua ni mpira mpya wa vakyumu, ule mwembamba unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye sensa. Joto huukausha hadi unapasuka. Ukipasuka, sensa inasoma presha ya nje, ambayo kwetu huku pwani ni kama kilopaskali 101, wakati injini isiyo na tatizo ikiwa kwenye silensi husoma 30 hadi 40 hivi. Kontroli boksi inaamini umekanyaga mafuta mpaka chini, inamwaga petroli. Na kwa kuwa usomaji huo bado ni wa kawaida machoni pake, taa ya cheki injini inaweza isiwake kabisa. Carina yangu ilibadilishiwa plagi, ikabadilishiwa pampu, kisha nozeli zikasafishwa, kumbe mpira ulikuwa umechanika nchani. Iliniuma sana, na ndiyo sababu naandika haya.

Mpira ukiwa mzima, shika mita ya kupimia volti. Washa swichi bila kuwasha injini, pima waya wa PIM (unaotoa usomaji wa sensa) na wa E2 (wa ethi): volti 3.3 hadi 3.9 ni sawa. Nyonya hewa kwenye mpira kwa bomba la sindano, volti zishuke. Zikiganda palepale, sensa imekufa. Ila hakikisha kwanza waya wa VC, unaoilisha sensa umeme, unaleta volti 5. Hapa Dar chumvi ya bahari inaota kutu ya kijani kwenye soketi, na watu wengi wametupa sensa isiyo na kosa kwa sababu ya kutu hiyo.

Sasa sensa yenyewe. Chaguo langu la kwanza ni used ya Japani, iliyotolewa kwenye injini kama yako. Zunguka Gerezani au Shauri Moyo ukiwa na ya kwako mkononi. Namba ya Toyota inaanza na 89420. Tarakimu zinazofuata zilingane zote. Usikubali kuambiwa "soketi ni ileile". Sensa ya injini yenye tabo (mashine ya kusukumia injini hewa zaidi) inaweza kuingia vizuri tu, lakini kwa presha ileile inatoa volti ndogo, gari likanyimwa petroli na kukosa nguvu. Bila kupimwa kwa mita, usilipe.

Ya pili ni mpya orijino. Kwa ubora inaizidi used, ila kwa gari la miaka 25 bei yake naiona nzito. Kama gari ndilo linalokulisha, inunue.

Ya tatu ni mpya ya kampuni nyingine yenye jina. Inafaa pale used inapokosekana, mradi namba yako imeandikwa kwenye boksi.

Ya mwisho ni ile mpya isiyo na namba wala jina, rahisi kuliko hata used. Hiyo iache dukani. Inaweza kusoma vizuri asubuhi, injini ikichemka volti zikahama, nawe ukarudi kulekule kwenye moshi.

Kabla hujatoa pesa, kubalianeni na muuzaji siku za kurudisha, na ziandikwe kwenye risiti. Ukishafunga, chomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa kumwaga petroli) kwa dakika moja ili kontroli boksi isahau kosa la zamani, ndipo uwashe.