Mafunzo ya TBRI kwa wazazi walioasili: uzoefu wetu Nairobi

Mwaka jana mke wangu na mimi tulimaliza mafunzo ya wazazi walioasili watoto katika kituo kimoja cha ushauri nasaha hapa Nairobi, na tangu hapo tumekuwa tukimpeleka mwanetu kwa vikao vya tibasaikolojia katika kituo hicho hicho. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wanaofikiria kuasili, na hasa wale ambao tayari wana mtoto nyumbani na wanajiuliza mbona upendo, chakula na shule nzuri havijatosha. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe. Mbinu wanayofundisha, hata hivyo, hufundishwa na wengine pia, hivyo msomaji hatakosa pa kuitafuta.

Mbinu yenyewe huitwa TBRI, kifupi cha Trust-Based Relational Intervention, yaani kumsaidia mtoto kwa njia ya uhusiano unaojengwa juu ya kuaminiana. Iliasisiwa na Karyn Purvis na David Cross wa Chuo Kikuu cha Texas Christian, mjini Fort Worth, Marekani, kwa ajili ya watoto waliopitia kutelekezwa, kupigwa, njaa au kuhamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine kabla hawajajua kusema. Ina nguzo tatu: kujenga uhusiano na mtoto, kuutuliza na kuutosheleza mwili wake, kisha kurekebisha mwenendo. Wakufunzi walisisitiza mno kwamba marekebisho yana nafasi yake lakini hayatangulii, kwa sababu mtoto ambaye miaka yake ya kwanza ilimfundisha kwamba mtu mzima hategemeki hukaa chonjo usiku na mchana, na mwili ulio katika hali hiyo hausikii nasaha hata zikitolewa kwa upole namna gani.

Mwanetu alitoka kwenye makao ya watoto akiwa na umri wa miaka minne. Kwa sheria ya Kenya, mtoto hukaa na wanaomwombea kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya maombi kupelekwa mahakamani, na tangu mwaka 2021 mwajiriwa anayeasili hupewa likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili. Likizo hiyo ni neema, nami naishukuru, ila katika mwezi ule wa kwanza hatukuona tatizo lolote, maana mtoto alikuwa na adabu kupita kiasi. Alimkumbatia fundi wa bomba aliyekuja kuziba sinki na akamwomba waondoke wote. Alianguka langoni, goti likachubuka hadi damu ikatiririka kwenye soksi, akainuka, akajipangusa vumbi na kuendelea na mchezo bila kulia wala kumtazama yeyote kati yetu tuliokuwa tumesimama hapo. Majirani walimsifu kwa ushujaa. Afisa wa ustawi wa jamii aliyekuwa akitutembelea ndiye aliyetuambia kwamba mtoto wa miaka minne asiyemkimbilia mtu akiumia si shujaa, na ndiye aliyetuelekeza kwenye mafunzo haya.

Darasani tulichanganywa na walimu, walezi wa makao ya watoto na maafisa wa ustawi wa jamii waliokuja kujiongezea ujuzi wa kazi. Mwanzoni nilidhani mchanganyiko huo ungetupotezea muda, kumbe ndio uliokuwa na faida kubwa kuliko yote. Mlezi anayewahudumia watoto wengi peke yake zamu nzima anajua mambo ambayo mzazi wa mtoto mmoja hawezi kuyajua. Kwake ndiko nilikoelewa ni kwa nini mtoto wa makao huoga haraka, hula haraka na hulala mara taa ikizimwa, na ni kwa nini utii huo haupaswi kumfariji mzazi.

Zoezi ninalolikumbuka zaidi ni la plasta. Tuliketi wawili wawili, kila mmoja akapewa plasta na kuelekezwa amwulize mwenzake, “Unaumia wapi?” Anayeulizwa huonyesha mchubuko wa kweli, au mahali pasipo na jeraha la kuonekana, na anayebandika huomba ruhusa kwanza. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya makao kwa miaka mingi aliweka kidole kifuani, akanyamaza, na mwalimu aliyekuwa naye akambandikia plasta juu ya mfuko wa shati bila kuuliza zaidi. Hakuna aliyecheka. Nyumbani tulilifanya zoezi hilo na mwanetu kila jioni, na kwa muda mrefu alituonyesha kiwiko kile kile kisicho na kitu, kwa heshima tu. Siku aliyojikata kidole kwa kifuniko cha kopo alikuja mwenyewe jikoni, akiwa na kidole kimoja juu, akidai plasta kwa sauti ya ukali. Asiyejua tulikotoka angesema huyu mtoto hana adabu.

Sehemu ya mwili ndiyo rahisi kutekeleza na ndiyo iliyozua mabishano ukoo mzima. Wakufunzi wanapendekeza mtoto apate maji na kitu kidogo cha kula takribani kila baada ya saa mbili, kwa kuwa njaa na kiu humtoa katika utulivu upesi, na mtoto aliyewahi kukosa huishughulikia njaa ya kesho kuanzia leo. Tulikuwa tumekuta vipande vya mkate vilivyoota ukungu ndani ya begi lake la shule. Tukashauriwa tusimhoji kabisa, bali tuweke kikapu cha ndizi mahali ambapo mkono wake unafika, naye ajichukulie bila kuomba. Nyanya yake alipokiona aliniita pembeni: “Baba, mnamharibu huyu. Sisi tuliwalea tisa na hakukuwa na kikapu.” Ndizi zilienda kwa kasi ya kutisha mwanzoni, zikapungua, na sasa nyingine huiva hadi zikaozea humo.

Katika kurekebisha, mbinu hii haimwachii mtoto afanye atakavyo, kama wengi wanavyohofu wanaposikia neno tiba. Akinyakua rimoti, huinuki na kiboko wala hutoi hotuba. Unashuka hadi usawa wake, unamwambia mlirudie jambo lile, arudishe rimoti, aombe kwa maneno, kisha apewe na kusifiwa kwamba ameomba vizuri. Akigoma, anapewa machaguo mawili ambayo yote mzazi anayakubali. Linachosha, sitaficha hilo. Jambo la kutazamana machoni lilitupa shida ya aina nyingine, kwa kuwa wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mtoto hamkazii macho mtu mzima anapokanywa. Mkufunzi alilijibu vizuri: mtoto aalikwe, asilazimishwe, na akitazama chini kwa heshima asihesabiwe kwamba amekataa.

Walitueleza pia juu ya utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, ambamo watoto waliokuwa katika vituo vya malezi walifuatiliwa na baadhi yao wakahamishiwa katika familia za kulea. Waliohama walifanya vizuri zaidi, hasa waliotoka mapema, kabla ya kutimiza miaka miwili. Ukiwa umepokea mtoto wa miaka minne, takwimu ya namna hiyo hukuingia kama kisu, na nilimwona mke wangu akiacha kuandika. Mkufunzi alitumia muda mrefu kutueleza kwamba matokeo hayo yanasema watoto watolewe mapema makaoni, hayasemi kwamba aliyechelewa hana nafasi. Namsifu kwa sababu angeweza kuruka ukurasa huo ili tutoke tukiwa na furaha.

Sasa malalamiko. Video zote zilitoka Marekani: nyumba zenye bustani, mtoto mwenye chumba chake, mama aliye nyumbani mchana kutwa. Jambo hili liliniuma zaidi kwa kuwa elimu hii ya mshikamano kati ya mtoto na mlezi ina mizizi hapa kwetu. Mary Ainsworth, mmoja wa waasisi wake, alifanya uchunguzi wake wa kwanza wa nyumbani katika vijiji vya karibu na Kampala, miaka ya 1954 na 1955, akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga, na kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Katika slaidi zote hatukusikia habari hiyo. Kuna mlezi aliyesema wazi wakati wa chai kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na sidhani angesema hivyo kama angejua kwamba mabibi wa Buganda walichangia kuyajenga.

Lalamiko kubwa ni la nani anayefundishwa. Mafunzo yamewalenga wanaotia saini hati za mahakama, ilhali kwetu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Nairobi ambako wazazi wote wawili wanafanya kazi, anayempokea mtoto kutoka shule, anayemwogesha na anayekumbana na hasira za saa kumi na moja jioni ni dada wa nyumbani. Dada wetu ni mtu mwema, lakini aliogopa. “Mtoto wa wenyewe huyu, nikimkataza akapiga mayowe mtasema nimemfanya nini?” Hivyo akawa anampa kila alichotaka mpaka sisi turudi, na sheria zetu zote zikawa zinaanza kufanya kazi usiku. Tuliomba aruhusiwe kuhudhuria. Mwanzoni walitutoza ada kamili, tukagoma, wakakubali nusu. Hata hivyo karatasi zote zilikuwa za Kiingereza, na alichojifunza alikipata kwa mkufunzi mmoja aliyejitolea kurudia somo kwa Kiswahili baada ya saa za darasa. Nionavyo, wiki zilizofuata zilileta mabadiliko makubwa kuliko miezi yetu yote ya awali.

Shuleni hatujafika mbali. Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zinamkinga mwanafunzi dhidi ya adhabu ya kupigwa, lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa bado hushika rula. Kituo kilituandikia barua ya kueleza mahitaji ya mtoto, mwalimu mkuu akaisoma kwa adabu na kuiweka kwenye faili. Wakufunzi hawana mpango wa kwenda shuleni wenyewe, nami naona ni pengo.

Vikao vya tiba ni huduma tofauti na hulipiwa peke yake, kwetu ni karibu shilingi 4,000 kwa kikao, na bima ya kazini haikugusa hata moja. Mzazi hukaa ndani ya chumba na kushiriki michezo, jambo ninaloliunga mkono kikamilifu, kwa kuwa mtaalamu anayemfungia mtoto wa namna hii na kumfanya amzoee yeye anamwongezea mtu mwingine wa kumpoteza. Kabla ya kulipa, omba kuona usajili wa mshauri wako: Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inawataka wasajiliwe, na wapo wanaojiita wataalamu wa kiwewe baada ya semina ya siku mbili. Kwa wanaosomea ngazi ya utaalamu wa TBRI, fahamuni kwamba mtahojiwa kwanza juu ya utoto wenu wenyewe. Mwalimu mmoja tuliyesoma naye aliendelea hadi ngazi hiyo, naye anasema mahojiano hayo yalimtoa jasho kuliko masomo.

Ningelipa tena ada ya mafunzo bila kusita, mradi anayeshinda na mtoto aketi darasani pamoja nami tangu siku ya kwanza. Mwenye kipato kidogo naye aulize kuhusu punguzo, maana lipo ila halitangazwi. Karatasi za Kiswahili tuliahidiwa kabla ya awamu iliyofuata. Awamu hiyo imepita, na nilipopiga simu wiki hii niliambiwa bado zinahaririwa.