Kinovea kwa makocha wa Kusini: inampima vizuri kiungo anayebanwa, ukiipa picha nzuri

Kiungo asiyebanwa hana cha kupimwa. Ukimwachia uwazi wa mita kumi, hata mchezaji wa kawaida atapiga pasi safi na jukwaa la Nangwanda Sijaona, uwanja wa Mtwara, litamshangilia. Wachezaji hutofautiana pale mkabaji anapokuwa hatua mbili mgongoni na mpira bado uko njiani. Yote huisha ndani ya sekunde mbili au tatu, jicho tupu haliwahi, na hapo ndipo Kinovea inapofaa.

Ni programu ya bure ya kuchambua video, ya kompyuta za Windows tu. Kwenye simu haipo. Ukishaipakua haili bando. Lipo pia toleo lisilohitaji kusakinishwa, unaliweka kwenye flashi na kulifungua kwenye kompyuta yoyote ya ofisi ya walimu. Kwa timu za shule na vyuo vya ualimu vya Mtwara na Lindi, hiyo tu inatosha kuifanya ijaribiwe.

Kazi inakwenda hivi. Kata tukio moja moja, sekunde 10 hadi 15, kuanzia kabla pasi haijapigwa. Fungua kipande, punguza kasi, kisha sogeza fremu (picha zinazounda video) moja moja kwa vitufe vya mishale. Weka saa ya Kinovea juu ya picha, iwashe mpira unapogusa mguu wa kiungo na uizime unapoondoka. Kwenye video ya fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ni kama sekunde 0.03, kwa hiyo kosa lako ni dogo sana. Wamarekani nao humpima kwotabeki, mrusha mpira wa futiboli yao, kwa muda anaokaa na mpira kabla ya kurusha, huku mabeki wakimjia. Hoja ni ileile: aliamua mapema, au alianza kufikiri mpira ukiwa tayari mikononi?

Ila saa si ya kutazamwa kwanza. Rudisha video mpaka mpira unapotoka mguuni mwa beki wa kati. Kiungo mzuri anageuza kidevu kuelekea bega la kulia, anarudisha macho kwenye mpira, halafu bega la kushoto. Mpira unapofika mwili wake umeshakaa upande, anapokea kwa mguu ulio mbali na mkabaji, na mguso wa kwanza unampeleka kwenye uwazi. Sasa mweke kando yake yule anayeporwa kila mara; Kinovea hufungua video mbili sambamba. Macho yameganda kwenye mpira toka mwanzo. Anapokea kwa mguu wa karibu, mpira unamkwama chini ya tumbo, na inabidi auguse tena ili autoe. Katika mguso huo wa pili ndipo anapoporwa, na jukwaani watu watasema hana nguvu. Nguvu anazo, hakutazama tu. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ameifuatilia tabia hii kwa wachezaji wa ligi kubwa, na alichokiona ni kwamba wanaotazama pembeni mara nyingi kabla ya kupokea hufikisha pasi zao zaidi.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu nne kwa kila tukio: ametazama mara ngapi katika sekunde tano kabla ya mpira, amekaa nao muda gani, ameugusa mara ngapi mpira huo, na umeishia wapi: mbele, pembeni, nyuma au kwa adui. Hesabu matukio ambayo mkabaji yuko ndani ya mita mbili tu. Usitoe hukumu kabla ya matukio 20, tena yatoke mechi tatu au zaidi. Pasi ya nyuma si kosa ikiwa mbele kumefungwa. Kijana anayetaka kufika klabu ya Namungo ya Lindi hafai kukatwa jina kwa mechi moja ya mashindano ya shule.

Hizo mita mbili unazipataje? Kinovea ina gridi unayoitandika juu ya umbo la mstatili lenye vipimo vinavyojulikana. Eneo la penalti lingefaa, mita 16.5 kwa 40.3, lakini viwanja vingi vya shule vimechorwa kwa hatua za miguu. Pima mwenyewe kwa futi kamba, au panga koni nne katikati ya uwanja. Simu isigeuzwe, la sivyo gridi haikai tena mahali pake.

Udhaifu upo. Programu haimjui mchezaji wala haihesabu pasi. Kila kitu unafanya kwa mkono, na mechi moja inaweza kula saa mbili. Kifaa chake cha kufuatilia mwendo hupotea mchezaji anapoingia kwenye kivuli au jezi zinapochanganyika, na kwa mechi za saa kumi jioni hilo hutokea sana. Jua likiwa usoni mwa kamera nyuso zote zinakuwa nyeusi na huoni kidevu kikigeuka, kwa hiyo panga simu upande wa magharibi. Juu ya jukwaa ni bora. Pasipo jukwaa, simama juu ya lori.

Kosa baya zaidi halionekani. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe mwanga unapopungua, na saa ya Kinovea inadanganya bila kukuonya. Kabla ya mechi rekodi video ya saa ya simu nyingine kwa sekunde 10, uifungue kwenye Kinovea uone kama saa hizo mbili zinalingana.

Upande wa memori, ubora wa 1080 kwa fremu 30 hula takriban MB 130 kwa dakika. Rekodi vipande vya dakika 15, maana kadi nyingine hazipokei faili linalozidi GB 4. Lindi, ambako upepo wa bahari unatikisa stendi ya simu, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu yake.