Msikubali kung'olewa redio ya gari kwa sababu ya Bluetooth

Nyie wenye magari ya Japani ya miaka ya 2000, simu ikigoma kuungana na redio ya gari, nawaomba msikimbilie kununua redio nyingine. Mimi nusura ninunue, na hasira haijaniisha.

Gari langu lilikuja na redio yake ya kiwandani, ile yenye skrini na ramani ya Japani, kila kitu Kijapani. Nikibonyeza penye alama ya simu ili niingize simu yangu, yanatokea maandishi, halafu skrini inarudi ilikotoka. Simu nayo inalitafuta gari weee, hailioni. Nilichotaka ni kuongea bila kushika simu, maana trafiki wakikuona nayo sikioni ni faini, na foleni ya Mbagala ndiyo maisha yangu asubuhi na jioni.

Nikaenda duka moja la redio za magari Kariakoo. Silitaji. Fundi hakugusa hata kitufe. Aliinama dirishani, akatazama skrini, akasema, "Hii ya kizamani, haishiki simu za sasa. Tung'oe, tukufungie ya Android." Nikamwambia sawa kaka, lakini haya maandishi yanayotokea yanasemaje? Akacheka, akamwangalia mwenzake, kisha: "Dada yangu, mwambie shemeji aje na gari, sisi tutaelewana naye."

Shemeji yupi? Gari nimeagiza mimi, ushuru nimelipa mimi, mafuta naweka mimi. Swali langu lilikuwa la maana kabisa, na angelijibu hilo moja tungemaliza palepale. Badala yake akaenda mbele kufungua boneti, eti achomoe betri ili redio iamke upya. Hapo nilishuka nikaifunga boneti kwa mkono wangu. Redio hizi za Kijapani, nyingi ukizikatia umeme zinajifunga, na hazifunguki mpaka upate namba maalumu au ile kadi ya ramani iliyokuja nazo. Fundi wa redio asijue hilo? Au analijua, na ndiyo biashara yenyewe? Kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoamini la pili.

Aliyenisaidia ni kijana wa mtaani kwetu anayeendesha teksi, na alichofanya ni kusoma tu. Alifungua programu ya kutafsiri kwenye simu yake, akaielekeza kamera kwenye skrini: orodha ya simu imejaa, futa moja kwanza. Basi! Redio hizi zinakumbuka simu chache, yangu tano, na nafasi zote zilikuwa zimeshikwa na simu za mwenye gari wa kwanza huko Japani. Mpaka majina ya watu wake yalikuwa bado yamo. Tukafuta simu zote na majina yote (nawe siku ukiuza gari, futa yako kabla hujakabidhi funguo). Tukarudi penye kuongeza simu, gari likaonekana, likaomba namba ya siri. Nyingi huwa 0000 au 1234. Yangu ilikuwa 0000. Ikaungana.

Sasa niseme ukweli, maana redio hii nilikuwa nimeshaipa nyota tano kwa hasira ya yule fundi. Muziki haupiti. Bluetooth ya kuongea na Bluetooth ya muziki ni vitu viwili, na redio nyingi za umri huu zina ile ya kuongea peke yake. Hata ubonyeze nini haibadiliki. Kile kidude cha FM cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, kinachorusha muziki wa simu kwenda redioni, nacho kinasumbua, kwa kuwa redio ya Japani inaishia 90 na za kwetu zinafika 108, kwa hiyo unabanana kwenye kipande cha 88 hadi 90, na kwa Dar es Salaam humo mna stesheni zenye nguvu zinazokimeza. Mimi natumia waya wa AUX, ule wa kuunganisha simu na redio moja kwa moja. Kama kwako muziki ndiyo kila kitu, haya, nunua hiyo Android, ila chagua fundi.

Kwa hiyo nyota tatu. Lakini juzi niliongea na mama yuko Tanga, mimi niko kwenye foleni, mvua inapiga juu ya gari, na alinisikia kila neno, sauti yake nayo inatoka safi kwenye spika ya mlangoni. Redio ya zaidi ya miaka kumi na tano! Na hii ndiyo yule bwana alitaka kuing'oa, mimi nimlipe kwa kazi hiyo. Nne. Naipa nne, na hiyo moja nimeipunguza kwa ajili ya muziki tu.