Mchungaji wa hospitali aliyeketi nami baada ya mama kufariki

Mama yangu alifariki alfajiri, katika wodi aliyokuwa amelazwa kwa siku 11, na mtu wa kwanza kuketi nami baada ya wauguzi kufunga pazia alikuwa mchungaji wa hospitali. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wengi hudhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba mchungaji wa aina hiyo huja, husali, kisha huenda zake kwenye kitanda kinachofuata.

Siku ile hakuanza na sala. Alivuta kiti, akaketi kando yangu, akanyamaza kwa muda ambao mwanzoni ulinitia wasiwasi. Mkononi nilikuwa na mfuko wa plastiki wenye kandambili za mama, nilizokabidhiwa pamoja na miwani yake. Baada ya kimya hicho aliniuliza jambo moja tu: "Dada, mama alizipenda hizo?" Nikajikuta ninamsimulia jinsi mama alivyovikataa viatu vyote tulivyomnunulia, akazing'ang'ania kandambili zile hadi kisigino cha kushoto kikalika na kubaki chembamba kama karatasi, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Hakuniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, wala kwamba mama sasa amepumzika, maneno ambayo ndugu na marafiki waliniambia kwa nia njema kabisa na ambayo kwa wakati ule yalinifunga mdomo. Sala ilikuja baadaye, nilipoiomba mwenyewe, nayo ilikuwa fupi.

Nimehudhuria vikao vinane naye katika muda wa miezi mitano. Kilichonifaa zaidi ni jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimemuuguza mama kwa miaka minne, na wiki moja baada ya mazishi simu yangu ililia saa nne usiku, kama kawaida, kunikumbusha dawa yake. Niliinuka, nikawasha taa ya ukumbini, nikafika mlangoni pa chumba chake kabla ya kukumbuka kwamba hayupo. Nilipomweleza mchungaji, alisema kwamba mtu aliyeuguza kwa miaka hupoteza vitu viwili kwa siku moja, yaani mgonjwa wake na kazi ya kumuuguza, na kwamba hilo la pili watu hawalitolei pole. Mdogo wangu alikuwa akinisihi niifute kengele ile. Mchungaji hakuniambia niifute wala niiache. Aliniuliza ningependa saa nne yangu iwe ya nini sasa, akaniachia swali hilo niende nalo nyumbani. Vikao vitatu vilivyofuata vilihusu swali hilo karibu peke yake: kama nirudi kazini, nitamtunza nani sasa, na kwa nini nilijiona mwizi kila nilipolala usiku kucha bila kuamka.

Nilimuuliza alikojifunza kusikiliza namna ile. Alinieleza kwamba katika mafunzo yao ya kichungaji hospitalini mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, kisha huyapeleka mbele ya msimamizi na wenzake ili waone ni wapi alimkatiza mgonjwa au alikimbilia Maandiko kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa. Mafunzo hayo yalianza mwaka 1925 katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, Massachusetts, nchini Marekani, chini ya Mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Nilipolisikia hilo nilielewa kwa nini huduma hii humchukulia mgonjwa kuwa mtu wa kujifunza kwake.

Alinitua pia mzigo mmoja niliojibebesha bure. Nilikuwa nimesoma kuhusu hatua tano za majonzi, yaani kukana, hasira, kujadiliana, huzuni kuu na mwisho kukubali, nikahangaika kwa sababu sikuwahi kuona hasira na nilikuwa nimeanza na kukubali. Alinieleza kwamba Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, alipoziandika mwaka 1969 alitegemea mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si na wafiwa, na kwamba hazikuwa ngazi ambazo mfiwa analazimika kuzipanda kwa zamu. Vilevile hakujifanya daktari. Mapema kabisa aliniambia kwamba majonzi makali yanayodumu zaidi ya miezi sita na kumzuia mtu kuendesha maisha yake yanatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa tatizo la kiafya, na kwamba akiona dalili hizo kwangu atanipeleka kwa mwanasaikolojia.

Kaka yangu, ambaye hana dini, alikuja kikao kimoja kwa shingo upande. Hakuhubiriwa. Walizungumza kuhusu ugomvi wake na mama ambao haukuwahi kumalizwa, naye akarudi tena peke yake.

Kasoro zipo, na mbili ni kubwa. Baada ya mazishi hakuna aliyenipigia simu. Ni mimi niliyetafuta ofisi yao wiki ya tatu, nikiwa sijalala vizuri kwa siku nyingi, na ninaamini kwamba mfiwa ambaye hana nguvu hiyo hupotea hapo hapo. Ya pili inaniuma zaidi. Hospitali ile haikututajia huduma hii hadi siku ya mwisho, ingawa mgonjwa ana haki ya kuiomba tangu anapolazwa, na mchungaji mwenyewe aliniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kwa wagonjwa walio hai wanaojua kwamba hawatapona. Kwa hiyo ninaishauri kila familia yenye mgonjwa wodini imuulize muuguzi siku ya kwanza kama kuna mchungaji au mhudumu mwingine wa kiroho. Mama alikuwa na siku 11 katika wodi ile, akili yake ikiwa timamu karibu zote, na alikuwa mpenda mazungumzo kuliko mimi.